Mwoga wa Wodi ya Wazazi

Kazini walimwita Pilipili, na walimwita hivyo mbele yake, maana kumwita hivyo nyuma ya mgongo wake kungekuwa hatari zaidi. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na mdomo wake haukuwa na breki pale alipoona jambo limepindishwa. Kazi yake ilikuwa kutathmini matetemeko ya kanda nzima. Kila mwezi ukiisha, yeye ndiye aliyekusanya mitetemo yote, mikubwa kwa midogo, akaandika ardhi ilitikisika wapi, kwa ukali gani, na watu wachukue hatua gani. Ukimuuliza mumewe, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni kwao, mkewe anafanya kazi gani, angekujibu kwamba analipwa kusikiliza tumbo la dunia likinguruma.

Asiyejua kazi hii hudhani mashine ndizo zinazofanya yote. Mashine zipo, zimefukiwa juu ya vilima, kwenye mwamba mgumu usio na kelele za watu, na zinakuambia vizuri kwamba ardhi imetikisika na chanzo kiko upande gani. Lakini mashine haina kitanda cha kuamshwa wala kabati la vyombo. Ukitaka kujua tetemeko lilimfikaje mtu nyumbani kwake, itabidi umuulize mtu. Ndiyo maana ofisi ilikuwa na wapashaji katika kila mji: mwenye duka, mwalimu, karani wa posta, mkunga. Ardhi ikitikisika, wao hupiga simu, na aliye zamu huwasomea maswali yaleyale. Vitu vinavyoning'inia vilicheza? Vyombo viligongana? Waliolala waliamka? Watu walikimbia nje? Kuta zilipata nyufa? Kuna aliyeumia? Majibu yakijumlishwa, unapata ukali: hafifu, wa kati, au mkubwa.

Na hapo ndipo palipokuwa na uchafu, uchafu ambao Pilipili hakuwahi kuupenda tangu siku alipoelezwa. Mpashaji aliyepiga simu mara nyingi kuliko wenzake aliwekewa M pembeni ya jina lake. M ya mwoga. Majibu ya mwoga yalishushwa daraja moja kabla ya kuingizwa kwenye hesabu: akisema wa kati, wewe unaandika hafifu. Desturi hiyo ilianzishwa na mkuu aliyetangulia, aliyechoshwa na mwenye duka mmoja mpweke ambaye aliripoti tetemeko kila lori lilipopita, mradi apate mtu wa kuzungumza naye. Mwenye duka alikwisha kuhamia kwa mwanawe, mkuu yule alikwisha kustaafu, na lori lenyewe bila shaka lilikwisha kuuzwa kama chuma chakavu. M ilibaki. Waajiriwa wapya walifundishwa M kwa heshima zote, kana kwamba ni sayansi.

Mji wa bondeni ulikuwa na wapashaji wawili. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu aliyejenga kilimani, mtu mpole, anayejibu kwa maneno machache, na karibu kila mara alipopigiwa alisema hakusikia kitu. Ofisini walimpenda sana. Mwingine alikuwa mkunga mkuu wa hospitali ya mji huo, aliyekuwa na M tangu miaka mingi, maana simu yake haikukosa. Wawili hao wakitofautiana, na walitofautiana kila mara, ofisi ilimchukua mwalimu na kumpunguza mkunga.

Mwezi huo ardhi ilianza kuhangaika mapema. Wiki ya kwanza ilikuwa mitetemo midogo ambayo mtu anayetembea barabarani asingeijua. Wiki ya pili ikaongezeka, yote ikitoka upande mmoja, nyuma ya vilima vya bondeni. Mkunga alipiga simu asubuhi, akapiga mchana, akapiga kesho yake. Karani wa zamu akaanza kuinua simu huku akiwakonyeza wenzake. Siku moja alikuwa ametoka kwenda kula, simu ikalia, Pilipili akaipokea mwenyewe.

Alimsomea maswali. Mkunga akajibu kwamba chupa za dripu zilicheza kwenye milingoti yake, sawa, lakini hilo halikuwa la kupigia simu. Alichopigia simu ni vitanda vya watoto wachanga. Vile vitanda vya wodini vina magurudumu, na mara tatu wiki hiyo vilikuwa vimejiendea vyenyewe mpaka ukutani, watoto wakiwa ndani. Sasa alikuwa amevifunga kwa bandeji kwenye miguu ya vitanda vya mama zao. Alieleza hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaja kwamba sabuni imeisha.

Pilipili alikata simu, akatazama karatasi. Kwenye karatasi hapakuwa na swali la vitanda vyenye magurudumu. Kulikuwa na M. Akainuka, akaenda moja kwa moja kwa Mkuu.

Mkuu wa kitengo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Pilipili zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumgombeza ukaridhika. Alikuwa mtaratibu, shati limenyooka, chai yake kwenye chupa ileile ya bluu. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kwamba yule mama anajulikana, anatia chumvi, na kwamba kumwondolea alama mtu mmoja katikati ya mwaka kungevuruga ulinganifu wa takwimu za miaka yote.

"Mzee," Pilipili akamwambia, "woga wa mtu hausukumi kitanda."

Mkuu akatabasamu, akasema labda sakafu imeinama.

"Kama sakafu ya wodi imeinama, hilo ndilo la kutufanya tutulie?"

Akamwambia ataliangalia mwisho wa mwezi, kwenye kikao cha tathmini. Pilipili alirudi kwenye meza yake akiwa ameuma meno. Alijua kule ni wapi. Hospitali ile ilijengwa mahali palipokuwa na kinamasi. Wakakifukia kwa udongo na vifusi, wakasawazisha, wakaita kiwanja. Ukigonga meza, meza haisogei, lakini uji ulio ndani ya bakuli juu ya meza hiyo unatikisika mpaka ukingoni. Hilo halikuhitaji kikao. Kila mtu katika ofisi ile alilisoma chuoni na kulifanyia mtihani, Mkuu akiwemo, kisha wakaja kazini wakafundishwa M, wakalisahau.

Nyumbani alifika na hamu ya kugombana na mtu. Mumewe alikuwa akishona sare za shule, pini mdomoni, akamwacha aseme mpaka amalize. Kisha akatoa pini moja baada ya nyingine akauliza kama huyo mama kweli ni mwoga.

"Hata angekuwa mwoga."

"Basi mna shida nyinyi, mama watoto. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nyie mnamkata maksi anayewaletea kicheko." Akarudisha pini mdomoni na kukanyaga cherehani.

Pilipili akaomba gari la ofisi. Gari lilikuwa limepangiwa kumpeleka Mkuu kwenye warsha ya utayari wa majanga, hotelini. Hilo nalo alilimeza, likamkwama kooni. Akachukua siku yake ya mapumziko, akasafiri kwa nauli yake mpaka bondeni.

Alitarajia kukutana na mwanamke mwembamba wa kushtukashtuka. Aliyemkuta alikuwa na mabega ya mbeba mizigo na kicheko cha kusikika getini, na wakati Pilipili anaingia, alikuwa akimtoa nje mume mmoja mlevi kwa kumshika ukosi wa shati, bila haraka, huku akimwelekeza nesi mwingine dozi ya dawa. Akanawa mikono, akamzungusha mgeni wake wodini. Lilikuwa jengo la zamani la tofali, dari ya mbao nzito, madirisha marefu. Juu ya madirisha ya upande wa vitanda ukuta ulikuwa na ufa mrefu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hospitali ilikuwa imeuziba, ikapaka na rangi, na sasa ufa ulikuwa umetokea tena juu ya rangi hiyo, mpya, unaoingia kidole. Chini yake walilala akina mama na watoto wao. Mmoja wao, msichana aliyejifungua kwa upasuaji, aliuliza kama mgeni ndiye fundi wa ukuta.

Nyuma ya hospitali kulikuwa na bohari la mabati, jepesi, limejaa magodoro yaliyoharibika na viti vibovu. Mkunga alikuwa ameomba ahamishie wodi humo kwa muda. Msimamizi wa hospitali alimjibu kwamba hawezi kuhamisha wagonjwa kwa maneno ya mdomo. Taarifa ya mwezi ya ofisi ya matetemeko ikisema ukali ni wa kati, atafungua bohari siku hiyohiyo, kanuni inamruhusu. Ikisema hafifu, mikono yake imefungwa.

"Kwa hiyo nawategemea nyinyi," mkunga akamalizia. "Ndiyo maana sichoki kupiga."

Pilipili angeweza kunyamaza. Lakini kunyamaza hakukuwa kazi anayoiweza, na zaidi ya hapo aliona aibu. Akamweleza habari ya M, mwanzo mpaka mwisho, lori na mwenye duka na daraja linaloshushwa. Mkunga alicheka kwanza, kwa sauti, mpaka mama mmoja akageuka kitandani. Kisha kicheko kikaisha, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu.

"Kwa hiyo kila nikipiga, mnanipunguza."

"Ndiyo, dada."

"Na nikipiga zaidi ili mnisikie..."

"Ndiyo."

"Na ambaye haogopi ni nani?"

Pilipili akamtaja mwalimu wa kilimani.

"Mwalimu? Nyumba ya mwalimu imekaa juu ya jabali, mdogo wangu. Nipe nyumba pale uone kama sitakuwa shujaa."

Akainuka akatengeneza fundo la bandeji kwenye gurudumu la kitanda kimoja, akalivuta kulijaribu.  Wakati wa kuaga, Pilipili alimwahidi kwamba taarifa ya mwezi ule itasema kweli. Aliahidi kwa hasira, na ahadi ya hasira ni mzigo, lakini aliibeba mpaka ofisini kwa moyo mmoja.

Siku mbili tatu zilizofuata aliandika kama mtu anayedaiwa. Alitenganisha kilima na bonde, akaeleza kinamasi kilichofukiwa, akaweka majibu ya mkunga kama yalivyotolewa, bila kuyashusha. Mji wa bondeni, sehemu ya chini: ukali wa kati. Akapendekeza wodi ihamishwe.

Kikao cha tathmini kilifanyika siku ya mwisho wa mwezi, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni inayolia. Mkuu aliisifu kazi yake. Alisema ni uchambuzi wa kina, unaostahili kuwa andiko. Kisha akasema hauwezi kuingia kwenye taarifa ya mwezi huo, kwa sababu taarifa ya mwezi ina utaratibu wake, na utaratibu haujabadilishwa. Apendekeze mabadiliko rasmi, yatajadiliwa robo mwaka ijayo. Akachukua kalamu, akakata "wa kati", akaandika "hafifu" juu yake kwa mwandiko mzuri.

Pilipili alisimama. Alimwambia Mkuu, mbele ya meza nzima, kwamba kuna watoto wa juzi wamelala chini ya ukuta ule, kwamba hao hawana robo mwaka ijayo, na kwamba anayemwita mtu mwoga miaka yote hiyo bila kwenda hata siku moja kutazama anachokiogopa, basi mvivu ni yeye. Wenzake waliangalia chini. Hakuna aliyembishia, na hakuna aliyefungua mdomo kumuunga mkono. Wote walikuwa na watoto wa kusomesha. Mkuu alimwambia kwa upole kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, watu wakacheka kidogo kwa shukrani, kikao kikaendelea. Pilipili alikataa kutia saini. Mkuu akatia yeye, taarifa ikaenda.

Jioni hiyo alimpigia mkunga kumwambia. Lilikuwa jambo gumu kulisema kuliko yote aliyoyasema kikaoni. Alitarajia matusi, na angeyapokea. Mkunga alimsikiliza, akauliza kitu kimoja tu, kama mitetemo imepungua. Pilipili akasema haijapungua, inaongezeka. Mkunga akashukuru, akaaga.

Yaliyofuata Pilipili aliyajua baadaye, kwa barua ya malalamiko iliyofika ofisini. Kesho yake mkunga alimwita mume wa mmoja wa wazazi, mchomeleaji, akamwomba avunje kufuli ya bohari. Wakatoa magodoro mabovu na viti, wakafagia, wakabeba vitanda kimoja kimoja kupitia uani, mama akiwa juu yake kama hawezi kutembea. Msimamizi alikuja akakuta wodi tupu na bohari limejaa vilio vya watoto. Akaandika barua ya onyo kali: kuvunja mali ya umma, kueneza hofu, kupuuza taarifa ya wataalamu. Nakala ililetwa kwa Mkuu, ambaye aliisoma akatikisa kichwa, akaipeleka kwenye jalada la M.

Tetemeko lenyewe lilipiga wiki hiyohiyo, mchana wa jua kali, watu wakitoka kula. Ofisini penyewe, mbali kote kule, chupa ya bluu ilitembea juu ya meza ya Mkuu. Simu zikaanza kulia zote kwa pamoja. Mwalimu wa kilimani alipiga mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka, akasema amesikia kidogo. Bondeni simu hazikupatikana mpaka alasiri.

Mstari uliporudi, Pilipili alimpigia mkunga, akaweka simu kwenye kipaza sauti juu ya meza ndefu. Mkuu alikuwa amekaa upande wa pili, karatasi ya maswali mbele yake, kalamu tayari. Pilipili akamuuliza mkunga kama ni mzima. Akajibu ni mzima, ana vumbi tu. Mkuu akaonyesha kwa kidole kwamba waanze, taarifa inasubiriwa juu. Pilipili akasoma, akianza na maswali ya watu.

"Waliolala wodini waliamka?"

"Hapana. Hakukuwa na aliyelala wodini."

Mkuu akaandika hapana.

"Watu walikimbia nje?"

"Hapana."

Akaandika hapana.

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna. Hata wa kukwaruzwa."

Mkuu akaandika, akainua macho, na usoni mwake kukawa na kitu kama faraja. Akasema kwa sauti ya chini, akidhani haisikiki kule, kwamba kwa majibu hayo, ukitoa daraja la M, sehemu ile inabaki hafifu. Pilipili akafungua mdomo. Mkunga alimtangulia.

"Nimekusikia, mzee," alisema. "Ukuta wa madirisha wote umelala juu ya sakafu. Dari imefuata. Pale palipokuwa na vitanda sasa ni tofali mpaka kiunoni kwangu, nimesimama hapo nikiongea na nyinyi. Hakuna aliyekimbia kwa sababu nilikuwa nimeshawatoa, kwa huo woga wangu. Sasa naomba uniambie, kwenye hiyo karatasi yenu kuna mahali pa kuandika watoto ambao hawakufa?"

Feni ililia. Mkuu aliitazama karatasi, akaigeuza kidogo kwenye mwanga, kama mtu anayetafuta kwa uaminifu kabisa. Kisha akakohoa, akasema waende kwenye swali linalofuata.

Pilipili alinyoosha mkono akaichukua karatasi ile kutoka chini ya kalamu yake. Akaigeuza upande wa nyuma, usioandikwa kitu, akavaa miwani yake vizuri. Akamwomba mkunga amtajie mmoja mmoja, mama na mtoto wake, na alikuwa kitanda gani, na juu ya kitanda hicho sasa kuna nini. Mkunga akaanza na yule msichana wa upasuaji, aliyekuwa dirishani: mtoto wa kike, ananyonya vizuri, hajapewa jina bado.